Mwongozo kwa Aliyeuziwa Gari Lenye AUTO

Hongera. Gari limetoka Japani, limeshuka bandarini, kodi umelipa na machozi umefuta, na sasa umekaa nyuma ya usukani unakitazama kitufe kilichoandikwa AUTO. Dalali alikuapia kwamba gari lina "fulu AC", akapokea chake akaenda zake. Hakukwambia kwamba pamoja na injini, viti na redio inayosema Kijapani, umenunua pia kompyuta ndogo yenye msimamo wake kuhusu joto la Dar es Salaam, na kwamba mtagombana nayo kila siku kuanzia Mbezi hadi Posta.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyezoea kiyoyozi cha zamani: kitasa cha kuzungusha, bluu upande huu, nyekundu upande ule, na feni yenye namba moja hadi nne. Kile kilikuwa kinatii. Hiki kinafikiri. Ukiufuata kwa uaminifu utaweza kuvuruga mfumo mzima bila msaada wa mtu. Ukiamua kutenda kinyume chake, huenda ukafika kazini shati likiwa kavu.

1. Amini kwamba namba ni ukali wa baridi

Tuanze na kosa linalozaa mengine yote. Ni saa nane mchana, mwezi wa pili, gari limeanikwa juani tangu asubuhi na usukani haushikiki. Kwenye kioo kidogo cha kiyoyozi pameandikwa 25. Jisemee moyoni, "Ishirini na tano si ndiyo joto lenyewe?" kisha bonyeza mpaka 18. Usiporidhika, endelea mpaka yatokee maandishi LO.

Hapo hujaharakisha kitu. Namba ile haipimi ubaridi wa hewa inayotoka kwenye matundu. Ni joto ambalo umeuagiza mfumo ulifikishe ndani ya gari. Ndani kukiwa na nyuzi 50 nawe umetaka 25, kompyuta imeshatoa kila ilicho nacho: kompresa inavuta, feni imepanda hadi juu, kilango cha hewa ya moto kimefungwa. Hakuna nguvu nyingine iliyowekwa akiba ikisubiri hasira zako. Tofauti utaiona nusu saa baadaye, kwa sababu badala ya kutulia itaendelea kupuliza mpaka abiria wa nyuma aombe kitenge. Na ukifika LO, kwenye magari mengi umekiambia kiyoyozi kiache kupima chochote, kitoe baridi yote, basi.

Mwenye haraka ya kweli hufungua vioo kwanza, akaenda mita mia chache hewa ya tanuri itoke, ndipo akafunga. Hilo halina kitufe, kwa hiyo halipendwi.

Mtambo wenyewe hauna miujiza. Kompresa inaikandamiza gesi. Kondensa iliyo mbele ya rejeta inalitoa joto la gesi hiyo nje hadi igeuke kimiminika. Kisha kimiminika kinapenyezwa kwenye vali nyembamba na kutanuka ndani ya evapoleta, nyuma ya dashibodi, ambako kinafyonza joto la hewa unayopuliziwa. Jirani na evapoleta kuna rejeta ndogo ya hita, inayopitisha maji ya moto ya injini. Kati yao kuna kilango kinachoamua hewa kiasi gani ipite kwenye hita na kiasi gani ikwepe. Kwenye gari la zamani kilango hicho ulikivuta mwenyewe kwa waya. Kwenye AUTO kinasukumwa na mota ndogo kwa amri ya kompyuta. Wamarekani walilianza jambo hili zamani: Cadillac ya mwaka 1964 ilikuwa na mfumo ulioitwa Comfort Control, na wazo lake ndilo hilihili la leo. Dereva anataja joto analotaka, kisha anaondoa mkono.

Hicho cha kuondoa mkono ndicho kinachotushinda.

2. Wazibe midomo watoa taarifa

Kompyuta haina ngozi. Joto inaambiwa, na wanaoiambia ni sensa chache zilizotawanyika garini. Ukitaka iamue ovyo, huna haja ya kuigusa yenyewe. Shughulika na wapambe wake.

Wa kwanza yuko juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele: kidude cheusi, cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti. Kazi yake ni kupima jua, maana jua la kioo linakuchoma hata kama hewa ya ndani ni poa. Tandika juu yake lile zulia la manyoya linalouzwa kwenye foleni, au weka boksi la tishu, au bendera ya timu. Simba na Yanga hapa hazina ubishi, zote zinazuia jua sawasawa. Gari litaamini kumekuchwa, na kiyoyozi kitapunguza bidii saa saba ya mchana. Kama gari lako linawasha taa lenyewe, na kidude hicho ndicho kinachopima pia giza, taa zitawaka adhuhuri. Madereva wenzako watakumulika kukujulisha. Wewe utapunguza mwendo ukidhani wanakuonya kwamba mbele kuna trafiki.

Wa pili kajificha pembeni mwa usukani, usawa wa goti: vijitundu vichache kama vya spika ndogo. Nyuma yake kuna sensa ya joto la ndani, na mara nyingi kibomba chembamba kinachovuta hewa ya garini ipite juu ya sensa hiyo. Bandika hapo kishikio cha simu. Au chomeka risiti za maegesho. Au, ukitaka matokeo ya kudumu, mpelekee fundi redio gari akubadilishie ile ya Kijapani: atafungua dashibodi, atachomoa kibomba, atafunga dashibodi, na kibomba kitabaki kinaning'inia. Kuanzia siku hiyo sensa itakuwa inapima hewa ya moto iliyofungiwa nyuma ya dashibodi, kompyuta itadhani unaokwa, na itakupuliza baridi bila kikomo. Utawasimulia watu kwamba AC yako ni kali kuliko zote mtaani.

Asiyetaka sifa hizo ana kipimo cha bure. Chana kipande cha tishu ukubwa wa ukucha, washa feni ipande juu, kisha kisogeze kwenye vile vijitundu. Kikivutwa na kunata, hata kwa udhaifu, hewa inapita. Kikidondoka, kamtafute fundi redio.

Wa tatu anakaa nje, nyuma ya bampa la mbele au karibu na kondensa, na anapima joto la hewa ya nje. Huyu ndiye wa kwanza kuumia ukigusana na bajaji. Fundi bodi atanyoosha bampa, atapiga rangi ing'ae, na waya wa sensa atauacha umekatika kwa kuwa hauonekani. Waya ukikatika, kompyuta nyingi husoma baridi kali mno. Na mifumo mingi imefundishwa kutowasha kompresa nje kukiwa na baridi ya kuganda. Hivyo utakwama Ubungo, jasho linakutiririka mgongoni, kwenye gari linaloamini kwa dhati kwamba nje kuna theluji.

3. Kila feni ikinyamaza, iamshe

Baada ya dakika kumi au kumi na tano, gari likishapoa, feni ya AUTO hushuka yenyewe. Huo ndio ushahidi kwamba imefaulu. Wewe sema, "AC imekata," kisha bonyeza feni juu. Kitaa cha neno AUTO kitazimika, ishara kwamba madaraka ya feni umeyachukua, na safari iliyobaki mtakuwa mnasukumana: wewe unapandisha feni, yenyewe inafungua hewa ya hita kidogo ili msigande, wewe unalalamika joto, unashusha namba.

Abiria nao wana haki ya kuchangia. Mama mkwe afunge matundu ya upande wake kwa sababu ya kifua. Shemeji aliye nyuma ashushe kioo nusu kwa sababu ana kichefuchefu. Kompyuta itahangaika kupoza barabara nzima ya Morogoro, na mafuta utalipa wewe.

4. Kila ugonjwa, tiba yake gesi

Sasa tumefika gereji, na hapa mambo yananoga. Hata kama tatizo ni fyuzi, hata kama ni tishu juu ya dashibodi, hukumu iko tayari kabla hujazima injini.

"Haipozi, bosi? Hiyo gesi imeisha."

Usiulize imeishia wapi. Ukiuliza utaharibu biashara, kwa sababu gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua sana imevuja, na mahali ilipovujia bado pako wazi. Kujaza bila kuziba ni kulipia safari nyingine ya kurudi hapohapo, na kuna mafundi wanaojua ratiba yako ya kurudi kuliko unavyoijua wewe.

Fundi ataunganisha geji mbili, bluu na nyekundu, na kujaza "mpaka sindano ifike hapa". Sindano ile inapima msukumo, na msukumo hupanda na kushuka kulingana na joto la siku. Haiwezi kukwambia zimeingia gramu ngapi. Gramu zimeandikwa kwenye stika iliyo chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi. Kwa magari mengi ya mtumba utaona HFC134a na kiasi cha gramu mia kadhaa, mara nyingi kati ya 400 na 600 kwa gari dogo. Hata maandishi mengine yakiwa ya Kijapani, namba zinasomeka. Gesi ikizidi, msukumo unapanda, baridi inapungua na kompresa inateseka. Ikipungua mno, kompresa inakosa mafuta ya kuilainisha, kwa kuwa mafuta hayo husafiri pamoja na gesi.

Anayeijua kazi hii huvuta kwanza gesi ya zamani kwa mashine, hutafuta uvujaji, huziba, hubadilisha chujio la unyevu kama mfumo ulikaa wazi, hufyonza hewa na unyevu wote kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, ndipo hujaza kwa mizani. Anayeifanya kwa kubahatisha hufungua vali ikalia "psssss" hewani, watoto wakacheka. Kilo moja ya HFC134a hewani hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakaongeza kwenye Itifaki ya Montreal makubaliano ya kuipunguza gesi hii na nduguze hatua kwa hatua. Mafundi wetu wengi hawakualikwa.

Kama gari lako ni la haibridi, kwa mfano Prius au Aqua, ziba masikio kabisa ili usisikie onyo hili: kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa, na inahitaji mafuta maalumu yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya AC yakiingia, hata kidogo, yanaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, na bei yake utaihesabia kwenye kiti. Unapoendelea kuziba, weka pia mabegi juu ya lile tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Pale ndipo betri kubwa inapovutia hewa ya ubaridi kutoka ndani ya gari.

5. Dalili, kwa wasiopenda kubahatisha

Kuna wasomaji wabishi watakaotaka kujua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Kwao, orodha fupi.

Inapoza barabarani, kwenye foleni inapuliza joto: tazama feni ya kondensa kama inazunguka, na kondensa kama haijajaa vumbi, matope na wadudu. Gari likitembea, upepo unafanya kazi ya feni iliyokufa. Likisimama, siri inafichuka.

Inaanza vizuri, baada ya saa moja hewa inafifia; ukizima kwa dakika chache inarudi: evapoleta imeganda barafu. Huenda sensa yake haisemi kweli, huenda gesi ni pungufu, huenda hewa inayopita ni kidogo.

Feni inaunguruma lakini hewa haifiki: fungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kwenye magari mengi filta ya hewa iko nyuma yake, na wamiliki wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Usishangae kukuta imebeba vumbi la Dodoma juu na majani makavu yaliyoanguka Japani chini.

Dereva anaganda, abiria anatoka jasho: mota ya kilango cha upande mmoja imegoma, au gesi imepungua. Ukisikia "tak, tak, tak" nyuma ya dashibodi kila unapowasha, ni kijigia cha mota ya namna hiyo kilichovunjika meno.

Harufu ya soksi: evapoleta ina unyevu na kuvu. Kuzima kitufe cha A/C dakika chache kabla ya kufika, feni ikiendelea, husaidia kuikausha.

Maji yanadondoka chini ya gari: hiyo ni afya, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Maji hayadondoki chini lakini zulia la abiria limelowa: kibomba cha kutolea maji kimeziba.

Uko Njombe mwezi wa saba, umetaka 25, na gari halitoi joto: muulize fundi aliyekutolea themostati ili "injini isichemke". Injini isiyopata moto haina cha kuipa hita, na AUTO, ikijua maji bado ni baridi, inaizuia feni isikupulize ubaridi usoni. Inakuhurumia.

6. Liulize gari lenyewe

Toyota nyingi zenye AUTO hujipima zenyewe, bila mashine ya kukodi. Shikilia kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa za kiyoyozi zitapepesa mara nne, halafu zitatokea namba. Ikiwa 00, hakuna kosa lililoonekana. Namba 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ni ya nje, 13 ni ya evapoleta, 21 ni ya jua. Ukimaliza bonyeza OFF.

Hapa pana mtego wa mwisho. Kwa kuwa ni mchana na jua ni kali, utafanya kipimo hiki chini ya mwembe, au ndani ya banda la gereji, na itatokea 21. Utakimbilia Kariakoo kununua sensa ya jua. Sensa yako ni nzima. Imekosa jua tu, ikasema ukweli. Sogeza gari nje, pima tena.

7. Mvua ikinyesha

Masika vioo vikiingia ukungu, futa kwa mkono, kisha kwa tai, kisha kwa abiria. Wenye subira kidogo hugusa kwanza kioo. Ukungu ukiwa ndani, bonyeza kitufe cha kioo cha mbele, acha A/C iwake ikaushe hewa, na ruhusu hewa ya nje iingie. Kuzungusha pumzi za watu watano humo ndani kunazidisha tatizo. Ukungu ukiwa nje ya kioo, ni kwamba umekipoza mno kwenye hewa yenye unyevu. Waipa na nyuzi mbili tatu za kupandisha zinatosha.

8. Mzaha uishie hapa

Usilale ndani ya gari lililosimama, injini inaunguruma, vioo vimefungwa, kwa ajili ya baridi ya AC. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na ikipenya ndani aliyelala haamki. Wala usimwache mtoto garini "dakika moja tu" juani, AC ikiwaka au imezimwa. Injini inaweza kuzimika, kompresa inaweza kukata, na gari lililofungwa hupata joto la kuua upesi kuliko foleni ya kulipia dukani inavyosogea.

Mengine yote yana nafasi ya pili. Ondoa zulia la manyoya juu ya dashibodi, badilisha filta, oshesha kondensa kwa maji ya msukumo mdogo, weka 24 au 25, bonyeza AUTO, na uiache robo saa kabla ya kuilaumu. Na siku utakayoambiwa gesi imeisha, mwambie fundi kwa heshima zote akuonyeshe kwanza inapovujia. Asipoweza kukuonyesha, usilipe.